Nukta Mbili Juu, Nukta Mbili Chini

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Kosa la watu wengi ni kudhani kuwa kupanua kazi ni kuzidisha tu. Sufuria mbili ziwe sita, watu wanane wawe thelathini — basi! Marehemu mke wangu Khole, ambaye ndiye aliyelianzisha jiko letu, alikuwa akisema: ukizidisha unga mara tatu usizidishe chumvi mara tatu, utakuja kula peke yako. Kuna vitu vinakubali kuzidishwa na kuna vitu havikubali. Tabu ni kuwa hujui kipi ni kipi mpaka umeshaonja.

Nayaandika haya kwa sababu leo Fahd, mtoto wa dada yangu Nasriya, kaja nyumbani na habari kubwa. Hata viatu hakuvua vizuri. "Mjomba, wamekubali!" Kampuni inayopeleka vyakula maofisini inatupa jiko zima, Azaiba, hapa hapa Muscat, upande wa barabara kuu. Mashine za kukandia, vyumba viwili vya baridi, nafasi ya watu thelathini. Fahd ndiye anayesimamia mambo ya mradi. Kasomea Uingereza, na kila anachosema kina mchoro kwenye laptopu.

Nikasema alhamdulillah. Kisha nikajilaza baada ya chakula cha mchana na usingizi haukuja.

Jikoni kwetu, Ghubra, tupo wanane. Tunatengeneza sambusa na katlesi, tunagandisha, tunapeleka mikahawani. Watu wananunua kwa sababu ni tamu, na sijapata kumwambia mteja sababu nyingine. Lakini ipo. Watano katika wanane ni watu ambao kadi zao za serikali zinasema kitu kimoja, na wao wenyewe wanajijua kuwa kitu chengine. Wa mwanzo alikuwa Shihab. Kadi inasema mwanamke, na yeye ni mwanamme. Alikuwa keshafukuzwa kazi mara nne kwa hilo tu. Fahd ana neno la kisasa, "transi". Khole hakuwa na neno. Alikuwa na koti jeupe, kofia ya nailoni na barakoa, mfano mmoja kwa kila mtu. Na kazi.

Na alikuwa na kanuni moja, imebandikwa mlangoni kwa mkono wake mpaka leo: HUMU NI KISWAHILI. Asiyekijua atajifunza. Siku zote nilidhani ni kwa kuikumbuka Unguja. Alikuwa mtu wa kukumbuka.

Nimemuuliza Fahd kama kanuni hiyo itahamia Azaiba. Kacheka. "Mjomba, watu thelathini! Kule watasema lugha zote. Ndiyo maana ya kupanuka."

Shihab naye hataki kusikia wasiwasi wangu. Ana karatasi ya majina kumi na mawili, watu wanaongoja nafasi. "Maalim, mmoja wao analala ndani ya gari, Ghubra hii hii, nyuma ya maduka. Na wewe unaogopa chumvi?"



Jumapili, 9 Novemba

Mkuu wa jiko jipya atakuwa Lamya. Hilo halina mjadala. Miaka sita yupo nasi. Hakuna anayebandua manda, zile ngozi za sambusa, kama Lamya — zikiwa bado zina moto, moja moja, nyembamba kama karatasi ya sigara, hakuna inayochanika, na huku anawachekesha wenzake. Aliyekosea humwonyesha upya. Hapigi kelele.

Kadi ya Lamya ina jina jengine, la kiume. Siliandiki hapa. Asubuhi huja kavaa kanzu na kofia kama vijana wote wa Muscat, maana sheria ya nchi inajulikana: mwanamme kuonekana katika nguo za kike ni kesi. Akishaingia ndani, koti jeupe, barakoa — ni Lamya. Na huko Azaiba kakubali iwe hivyo hivyo. "Ni mlango tu, Maalim. Mlango nimeshauzoea."

Kampuni inataka barua ya utambulisho ya mkuu wa jiko, kwa Kiarabu, pamoja na nakala ya kadi. Kazi yangu hiyo! Miaka thelathini na moja nilikuwa mfasiri wa wizara. Kwanza nikaandika kwa Kiswahili, ndiyo ada yangu, nijue ninachotaka kusema kabla ya kupambana na sarufi. Nimemfahamu kwa miaka sita. Anafanya kazi kwa uaminifu. Anafundisha wenzake bila ya kuwadhalilisha. Akikosea, anasema mwenyewe. Kisha nikafasiri. Nikaisoma mara tatu, kwa kidole, herufi kwa herufi, kama nilivyokuwa nikizisoma za waziri. Sikuona kosa hata moja.

Fahd kaituma kwa imeli, na nakala ya kadi pamoja. Kiarabu cha kusoma kinamchosha, hakuitazama.

Nasriya alikuja na bakuli la pilau akanikuta natabasamu peke yangu. "Haya, bwana sarufi, umeshamaliza kujisifu? Pilau linapoa."

Jumatatu, 10 Novemba

Hakuna jibu. Friji la pili linanguruma. Lamya hakuuliza habari za barua, lakini kapita mbele ya meza yangu mara nne.

Jumanne, 11 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Baada ya sala ya adhuhuri Lamya kaja mezani, mikono ina unga, karatasi mkononi. Fahd kampa nakala ya barua aiweke.

"Maalim, umeniandika."

Nikamwambia ndiyo, barua ndogo tu, mwanangu, wala haina makuu.

"Siyo. *Umeniandika*." Akaweka kidole juu ya neno.

Lazima nieleze, japo najieleza mwenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "anafanya", imekwisha. Hiyo "a" ni ya kila mtu, ya bwana na ya bibi. Kiarabu hakikubali. Kitenzi cha mwanamme kinaanza na yaa, cha mwanamke kinaanza na taa. Na mwanzoni mwa neno herufi hizo mbili zina umbo moja, kijino kidogo tu. Kinachozitenga ni nukta. Nukta mbili chini, mwanamme. Nukta mbili juu, mwanamke. Na mimi, katika barua ya mistari kumi na minne, nukta zote nimeziweka juu.

Sikukusudia! Wala sikuamua. Jina la juu niliandika la kadi, kama lilivyo. Kisha mkono ukaanza kumweleza mtu ninayemjua, ukaandika ulichokijua. Na niliposoma mara tatu sikuona kosa, kwa sababu machoni mwangu halikuwepo.

Barua imeshakwenda, na nakala ya kadi imekwenda nayo. Kadi inasema hivi, barua inasema vile, faili moja.

Lamya hakuwa akiitazama khatari. Alikuwa akizitazama nukta.

"Nna miaka ishirini na tisa," kasema. "Sijapata kujiona kwa Kiarabu. Kiswahili kinanisitiri, Maalim, sikatai. Lakini kusitiriwa siko kuonekana." Kisha kacheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono wa koti, unga ukabaki puani. "Bi Khole alinambia siku yangu ya kwanza. Humu, mwanangu, hakuna atakayekuuliza, maana lugha yenyewe haiulizi."

"Khole kasema hivyo?"

"Ndiyo sababu ya kile kibandiko. Wewe ulidhani nini?"

Nilidhani Unguja! Nilidhani karafuu na shule na nyumba ya Vuga. Miaka arubaini nimekaa na mke aliyeishia darasa la nane, nikimsahihishia Kiarabu chake mbele ya wageni, na kumbe yeye aliijua nguvu ya herufi moja kuliko mfasiri mzima. Hakunieleza. Pengine alingoja niulize.

Lamya kaikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni mwa koti. Kaondoka anaimba.

Sikumwambia ninachokiogopa. Nilisema moyoni, mwache leo afurahi. Sasa naona lilikuwa kosa la pili.

Jumatano, 12 Novemba

Saa tatu asubuhi simu. Bashayer, msichana anayeshughulikia mafaili katika kampuni ile. Sauti ya adabu, ananiita ustadh. Barua yangu ni nzuri sana, kasema. Imemgusa. Isipokuwa — kacheka kidogo — vitenzi vyote vimekwenda kike. Akaniambia walikuwa na bibi jirani yao, Mzinjibari, aliyekuwa akimwita baba yake kwa maneno ya kike mpaka siku aliyokufa, na nyumba nzima wakimpenda kwa hilo. Nyinyi Wazinjibari, bwana, mume na mke kwenu ni kitu kimoja! Basi nisahihishe, nimpelekee kesho kabla ya adhuhuri, kwani hapo ndipo faili linapokwenda kwa meneja, na meneja huweka barua na kadi pamoja.

Kisha, kwa sauti ya chini: au siyo kosa, ustadh?

Sikujua kama ni wema au mtego. Bado sijui. Nikamjibu nitaangalia. Nitaangalia! Mtu mzima wa miaka sabini na sita.

Nilipofika Muscat, mwaka wa sabini na tatu, Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu na cha sokoni. Mwezi wa kwanza ofisini nilimwandikia mkurugenzi kuwa "ameamrisha", nikaiweka ya kike. Walicheka wiki nzima. Wakanipa jina: Ustadha Aflah, yaani bibi mwalimu. Nilisoma sarufi kila magharibi, miaka mitatu, mpaka jina lile likafa. Na leo ndilo linaloweza kumwokoa Lamya. Niseme tu: samahani, binti yangu, mzee Mzinjibari, hajui mume wala mke.

Ni rahisi. Ni sentensi moja.

Baada ya alasiri wakakusanyika sebuleni kwangu. Fahd hakukaa hata kitako. "Mjomba, ni dakika mbili. Nukta zishuke chini, tunatuma, khalas. Wanadhani ni Kiarabu kibovu, tuwaache wadhani."

Nasriya: "Na hiyo fahari yako iweke pembeni. Afadhali wewe uitwe mjinga kuliko mtoto wa watu aitwe polisi. Kwani ujinga huo mgeni kwako, Ustadha?"

Miaka hamsini na mbili, na bado anakumbuka!

Nikawaambia siyo fahari. Nasriya akanitazama tu, kwa hivyo nikasema, siyo fahari peke yake. Barua ya kwanza niliiandika bila ya kujua. Hii ya pili nitaiandika najua, na jina langu chini. Na Lamya ameshaisoma ile ya kwanza.

"Kuisoma si tatizo," kasema Fahd. "Tatizo ni kuwa meneja naye ataisoma."

Shihab alikuwa kakaa, karatasi yake gotini. Nikamuuliza.

"Majina kumi na mawili, Maalim. Nimewaambia mwezi ujao." Akaikunjua, akaikunja. "Lakini ingekuwa barua yangu, mie..." Akaomba maji.

Walipoondoka nikajaribu ujanja wa wafasiri: barua isiyo na kitenzi hata kimoja. Majina matupu. Uzoefu: miaka sita. Uaminifu: kamili. Ufundishaji wa wenzake... Wake! Hapo hapo Kiarabu kinauliza, wake wa nani, wa kiume au wa kike? Nikaifuta. Subira: kubwa. Usafi: wa mfano. Nikaendelea hivyo mpaka chini, nukta zote nimezikwepa, nikaona nimeshinda. Nikamsomea Nasriya kwenye simu.

"Aflah, huyo ni mtu au pakiti ya ngano?"

Kabla ya magharibi ujumbe umeingia kutoka kwa Lamya. Fahd keshamwambia, bila ya kunitaka shauri. "Maalim, nasikia barua ina marekebisho. Fanya unavyoona." Nimepiga. Simu imezimwa.

Fanya unavyoona. Nimefasiri maneno mengi katika maisha yangu. Haya yamenishinda. Ni ruhusa? Ni lawama? Ni mtu aliyechoka?

Alhamisi, 13 Novemba

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika hapa hapa jikoni, Ghubra, juu ya meza ya kufungia.

Lamya hajaja. Miaka sita, na leo ni mara ya kwanza. Shihab kabandua manda badala yake, zimechanika nusu. Hakuna aliyefanya mzaha.

Koti la Lamya lipo msumarini. Nimetia mkono mfukoni, na naona haya kuandika. Karatasi haimo. Kaenda nayo nyumbani, Yiti, kwa shangazi yake aliyemlea, nyumba ambayo jina la Lamya halijapata kutamkwa. Kaka zake wanaingia na kutoka. Wote wanasoma Kiarabu vizuri kabisa. Hawatasema kuwa mzee Mzinjibari kakosea nukta.

Hilo sikuliwaza jana. Nilikuwa nawaza faili la kampuni tu.

Mbele yangu pana barua tatu. Ya kwanza, nukta juu. Ya pili, nukta chini. Nimeiandika alfajiri, safi, haina doa, bado sijaitia saini. Ya tatu, pakiti ya ngano. Fahd kapiga simu mara tatu. "Mjomba, ipi? Niambie ipi tu." Bashayer kaandika ujumbe mfupi: anangoja mpaka adhuhuri, na nikitaka kumweleza lolote kwa simu, yupo peke yake ofisini mpaka saa tano. Peke yake. Kwa nini kaniambia hivyo? Huenda ni mtu wa kuambiwa. Huenda siye. Mtu hapimi kina cha maji kwa mguu wa mwenzake.

Saa tatu kasorobo.

Nimerudi nyuma nikasoma kurasa hizi. Nna tabia ya kueleza, Khole alikuwa akinitania kwa hilo, akisema nitamweleza hata mtoa roho. Nimeeleza nukta, nimeeleza chumvi, nimeeleza mkurugenzi wa mwaka wa sabini na tatu. Fahd kamfikiria meneja. Nasriya kawafikiria polisi. Shihab kawafikiria wale kumi na wawili, na ana haki. Na mimi nimewafikiria wote pamoja na jina langu. Lakini barua ya kwanza niliiandika bila ya kumuuliza mwenyewe, na ya pili nimeiandika bila ya kumuuliza mwenyewe. Yeye ni mtu wa adabu, kwa hivyo akaniandikia fanya unavyoona. Angeniandikia nini chengine, mtu ambaye hakuulizwa?

Pengine atasema zishushe chini, Maalim, mlango nimeshauzoea. Nitazishusha, na kwa Bashayer nitakuwa Ustadha tena, kwa furaha. Pengine atasema jina lake litolewe kabisa, na Azaiba ingoje. Hapo itabidi nimtazame Shihab usoni. Pengine atasema iache kama ilivyo. Sijui nitafanya nini akisema hivyo. Kweli sijui.

Kilichonizuia kwenda tangu alfajiri ni kitu kidogo. Mlangoni kwa shangazi yake nitaje jina gani? Nikitaja Lamya nimemwangamiza. Nikitaja la kadi, na yeye yuko nyuma ya pazia anasikia, baada ya barua ile...

Nimeinua macho, kibandiko cha Khole kiko mbele yangu, kingo zimejikunja kwa mvuke. Shangazi yule ni katika wale waliorudi kutoka Tabora. Kiswahili ndicho anachosemea nyumbani. Basi nitabisha hodi, nitauliza khabari za wazima na wagonjwa, na kisha nitasema neno moja tu: "Yupo?"

Saa tatu kamili. Yiti ni dakika arubaini kwa mwendo wangu.

Aflah, funga daftari, chukua funguo za gari, nenda ukamuulize.